Uzi: Vitu vya bure vya hotelini, kutoka kufagia meza nzima hadi kuchukua kinachotumika

SandukuZito (mleta mada)

Habari za saa hizi wadau. Naomba tuwe na uzi mmoja wa maana kuhusu vitu vya bure vya hotelini: sabuni, shampuu, kondishena, kofia za kuogea, ndala, vifurushi vya kushonea, pakiti za kahawa na kadhalika.

Tabia za wasafiri kwenye jambo hili hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Mwanzoni mtu anabeba kila kilicho mezani, hata asichojua matumizi yake. Baadaye anaanza kuchagua. Wengine hufika mahali hawagusi hata sabuni, wanakuja na yao. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho, kabati la bafuni huwa limeshajaa vichupa vya mililita 30 na visabuni vyenye karatasi iliyofifia.

Maswali ni matatu. Kipi mgeni anaruhusiwa kuondoka nacho? Akiba iliyokwisha kulimbikizwa inafanyiwa nini? Na hivi vyombo vya sabuni na shampuu vya kubonyeza vinavyofungwa ukutani siku hizi, vinaaminika? Walio kwenye kazi ya vyumba naomba muanze.

---

ToroliLaAsubuhi

Asante mleta mada. Swali la kwanza lina jibu fupi, lakini watu wengi huliweka vibaya. Wanauliza "ni cha bure au si cha bure?" wakati hotelini tunagawa vitu kwa namna nyingine: kinachoisha kwa kutumika, na kinachorudi kwa dobi au stoo.

Kinachoisha ni cha mgeni: sabuni, shampuu, losheni, mswaki, kitana, kofia ya kuogea, sponji ya viatu, kifurushi cha kushonea, pakiti za chai na kahawa, kalamu na karatasi za kuandikia. Ndala nyepesi zilizofungwa kwenye mfuko wake nazo ni zako, kwa sababu haziwezi kupewa mgeni mwingine zikishavaliwa.

Kinachorudi si chako: taulo, joho la kuogea, mto, birika, vikombe, hanga, kikausha nywele, pasi, mwavuli, adapta ya umeme. Taulo na majoho kwenye baadhi ya hoteli yameshonewa kijipande cha kielektroniki ukingoni. Kazi yake kubwa ni kuhesabu mizunguko ya ufuaji, lakini hicho hicho kinaonyesha kipi kimepungua. Joho likikosekana, kadi ya mgeni inaweza kukatwa bei yake. Ukilipenda, uliza mapokezi, mara nyingi wanayo mapya ya kuuza.

Friji ndogo ya chumbani iangaliwe kwa makini. Baadhi zina vihisi chini ya kila chupa: ukiinua kinywaji kwa muda fulani, gharama inaandikwa yenyewe hata kama umekirudisha. Usiondoe vitu ili kupata nafasi ya dawa au chakula chako. Omba mapokezi waitoe au wakuletee nyingine tupu.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mgeni akishaondoka, chochote kilichofunguliwa hakipewi mgeni mwingine. Sabuni iliyooshwa mkono mara moja, chupa ya shampuu iliyopungua kidole kimoja, dawa ya meno iliyotobolewa: vyote vinatoka chumbani. Visivyofunguliwa vinabaki pale pale kwa mgeni anayefuata. Kwa hiyo ukifungua kitu ukakiacha, hujakiokoa. Ulichofungua ondoka nacho, ambacho hukufungua kiache. Hiyo kanuni moja inatatua sehemu kubwa ya mada.

Na mnaoacha vitu, viacheni vizuri. Viwe mezani, pakavu, vimepangwa wazi. Sabuni yenye kasha la karatasi ikiachwa ukingoni mwa bafu inapata maji, kasha linavimba, na tunalazimika kuitoa hata kama ndani iko salama. Na tafadhali msirudishe sabuni iliyotumika ndani ya karatasi yake. Kila kifurushi chenye mkunjo wa kutiliwa shaka kinatupwa, na kinaondoka na vizima vya jirani yake.

---

Kilo23

Nyongeza juu ya ya mkuu Toroli. Kuna tabia ya kuficha sabuni ya leo kwenye begi ili kesho iwekwe nyingine. Kwa kukaa siku nne mtu anaondoka na visabuni vinne na vichupa nane, na ametumia kimoja kimoja tu. Wanaosafiri mara nyingi huacha tabia hii wenyewe, kwa sababu ya uzito. Kichupa cha mililita 30 kikiwa kimejaa ni takribani gramu 40 pamoja na plastiki yake. Ishirini na tano ni kilo nzima ya mzigo.

Kingine: vitu vingi muhimu havimo chumbani, viko mapokezi. Mswaki, dawa ya meno, kinyoleo, kitana, pedi, pamba za masikio. Hoteli nyingi hukupa ukiomba. Msafiri mzoefu hapekui droo, anapiga simu mapokezi na kuomba anachohitaji usiku huo.

---

FundiSabuni

Swali la pili ndilo langu. Visabuni vilivyolimbikizwa vinaweza kuyeyushwa kuwa kipande kimoja kikubwa, lakini wengi wanaojaribu wanapata uji usioganda au kipande kinachomomonyoka. Sababu ni kuchanganya vitu viwili tofauti kwa kudhani vyote ni sabuni.

Soma viambato kwanza. Ukiona *sodium palmate*, *sodium tallowate*, *sodium cocoate* au *sodium palm kernelate*, hiyo ni sabuni halisi, ya mafuta na magadi. Inayeyuka na kuganda tena. Ukiona *sodium cocoyl isethionate* mwanzoni mwa orodha, hicho ni kipande cha kusafishia kisicho sabuni ya kawaida. Kitumie kilivyo. Kukitia kwenye sufuria moja na sabuni halisi ndiko kunakoleta madonge. Sabuni ya glisirini, ile inayopitisha mwanga, iyeyushwe peke yake.

Hatua zenyewe:

Futa kila kipande kwa kitambaa chenye maji ili kutoa vumbi na mabaki ya karatasi. Kikwaruze kwenye kikwaruzo cha karoti, tundu kubwa. Kipande kigumu sana kikichomwa jua kidogo hukwaruzika bila kuruka vipande. Pima gramu 300 za makwaruzo. Nyunyizia maji mililita 80, geuza kwa mkono, funika, acha usiku kucha. Usiruke hatua hii. Sabuni ya hotelini husagwa na kukandamizwa kwa mashine, ni kavu sana, na isipolowana taratibu utabaki na punje ngumu ndani hadi mwisho.

Asubuhi weka bakuli lake juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Usiweke bakuli moja kwa moja motoni, chini itaungua kabla ya juu kulainika. Funika. Kila baada ya dakika 10 geuza kwa kijiko cha mbao, kwa kukunja toka chini kwenda juu. Usipige kama unapiga mayai, utaingiza povu, na povu hilo ndilo matundu utakayoyaona ukikata. Baada ya dakika 45 hadi 60 itakuwa kama uji mzito sana wenye mabonge laini. Haitakuwa maji kamwe. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaongeza maji wakisubiri imiminike. Ukivuka mililita 120 kwa gramu 300, kipande kitasinyaa na kupinda kikikauka.

Ishindilie kwenye kopo lililopakwa mafuta kidogo, gonga kopo mezani mara kumi ili hewa itoke. Itoe baada ya saa 24 hadi 48, kata, panga mahali penye upepo wiki 3 hadi 4. Ukiitumia kabla ya hapo inaisha haraka kwa sababu bado imejaa maji.

Manukato hayatatoka yote. Visabuni vya harufu tano vikichanganywa hutoa harufu moja isiyopendeza, basi changanya vinavyokaribiana. Na kazi hii ni ya sabuni zako mwenyewe za nyumbani. Iliyotumiwa na watu usiowajua usiipeleke kwa wengine baada ya kuiyeyusha jikoni.

---

SandukuZito

Mkuu FundiSabuni umeeleza vizuri mno. Je, shampuu na kondishena nazo zinaweza kuunganishwa chupa moja? Na muda wake wa kuharibika mtu anaujuaje, maana vichupa vingi havina tarehe?

---

FundiSabuni

Shampuu ya chapa moja na aina moja unaweza kuimiminia chupa moja. Za aina tofauti usichanganye. Uzito wa shampuu unatokana na uwiano wa chumvi na visafishaji vyake. Ukiuvuruga, mchanganyiko unaweza kuwa mwepesi kama maji au kugeuka jeli. Shampuu na kondishena ndiyo kabisa: viambato vikuu vya kimoja vina chaji hasi, vya kingine chaji chanya. Vinashikana na kufanya vitonge vyeupe, na nywele hazisafiki wala hazilainiki.

Usiongeze maji kwenye chupa utakayoiweka. Kihifadhi kilichomo kimepimwa kwa ujazo ule. Ukikizimua, bakteria wanapata nafasi. Kusuuza kichupa kwa maji na kutumia saa hiyo hiyo hakuna tatizo.

Kuhusu muda, tafuta alama ya kopo lililo wazi lenye namba ndani, kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu kufunguliwa. Vichupa vidogo mara nyingi vina namba ya toleo tu, na hapo macho na pua ndivyo vipimo. Losheni ikitengana mafuta juu maji chini, tupa. Kondishena yenye harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa. Shampuu iliyobadilika rangi kidogo kwa mwanga bado inafaa kusafishia vitu. Losheni ya jua isiyo na tarehe usiiamini hata kidogo, maana ikishindwa kazi utajua ngozi ikiwa imeshaungua.

Matumizi ya akiba ya shampuu: kijiko cha chai kimoja kwenye lita 4 hadi 5 za maji vuguvugu kinatosha kufulia sweta la sufi kwa mkono. Vitana na brashi za nywele: loweka dakika 15 kwenye maji yenye kijiko kimoja, kisha suuza. Brashi yenye mpini wa mbao usiizamishe, chovya meno tu, mbao ikinywa maji inapasuka. Mashine ya kufulia usiitie shampuu, povu litajaa hadi maji yashindwe kutoka. Kondishena inafaa badala ya krimu ya kunyolea. Usiitie kwenye suuza ya taulo, itaacha utando na taulo litaacha kunywa maji.

---

Kilo23

Kwa wanaotumia vichupa vitupu kubebea vyao kwenye ndege: vinavuja kwa sababu ya hewa iliyomo ndani. Hewa ya ndani ya ndege angani huwa sawa na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo hewa iliyofungiwa kwenye kichupa hutanuka kwa robo hadi theluthi na kusukuma kimiminika kwenye kifuniko. Jaza hadi shingoni, kisha ukiwa unafunga minya ubavu wa kichupa ili hewa iliyobaki itoke na plastiki ibaki na nafasi ya kutanuka. Chini ya kifuniko cha kuzungusha weka kipande cha nailoni. Kifuniko cha kubetua kibandike utepe wa gundi. Vyote kwenye mfuko unaofungika, midomo juu.

Kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi kinachoangaliwa pale penye kikomo cha mililita 100 ni ukubwa wa chombo, wala si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 iliyo robo tu inakataliwa. Kikomo hicho kilianza 2006, na viwanja kadhaa vyenye mashine mpya za kukagua vimeanza kukilegeza. Lakini kwenye safari ya kuunganisha, kiwanja kigumu kuliko vyote ndicho cha kufuata.

---

Bi_Sindano

Kifurushi cha kushonea ndicho kitu pekee ningemshauri kila msafiri achukue, na ndicho kinachodharauliwa. Shida yake ni uzi: ni mfupi na mwembamba, ukishonea kifungo mara moja tu bila kuukunja unakatika ndani ya siku chache.

Kata sentimita 50, pitisha sindanoni, ukunje mara mbili, fundo mwishoni. Anzia upande wa nje chini ya kifungo ili fundo lifichwe. Weka pini juu ya kifungo, kati ya matundu, na ushone juu yake: mara nne kwa kila jozi ya matundu. Toa pini, vuta kifungo juu. Utaona kimeacha nafasi ya milimita 2 au 3. Zungushia uzi kwenye nafasi hiyo mara nne, kisha tia fundo upande wa ndani. Bila hiyo shingo ndogo, kitambaa cha koti hakina pa kukaa, na kila ukifunga unavuta uzi hadi uachie.

Sponji ya viatu: ni kwa ngozi laini pekee, na kwa dharura pekee. Mng'ao wake unatoka kwenye mafuta ya silikoni. Ukiitumia kila wiki utando unajikusanya na dawa ya viatu haipenyi tena kwenye ngozi. Viatu vya swede, ile ngozi yenye vinyweleo, usivisogeze karibu nayo.

Kofia ya kuogea ambayo hamuivai: geuza viatu nyayo zikutane, vishe kofia, weka kwenye begi. Nguo haziguswi na vumbi. Watu huifunikia pia bakuli la chakula. Ikiwa mpya na haigusi chakula ni sawa, ila usiipashe moto, si plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

---

Ghorofa3

Kuhusu vyombo vya ukutani. Mleta mada ameuliza kama vinaaminika. Inategemea ni vya aina gani.

Kuna vinavyokuja vimejazwa kiwandani na kufungwa, vikiisha vinatolewa vyote. Kuna vinavyofunguliwa juu na kuongezwa kutoka dumu kubwa. Vya pili ndivyo vyenye hatari mbili: mtu kutia kitu ndani, na bakteria kuzaliana pale sabuni mpya inapomwagwa juu ya ya zamani bila chombo kuoshwa. Vyombo vya wazi vya kujaza tena vimekwisha kukutwa na bakteria kama Pseudomonas ndani ya sabuni yenyewe.

Angalia haya kabla ya kuoga. Kifuniko kinafunguka kwa vidole bila ufunguo? Ndani kuna matabaka mawili ya rangi? Kuna ukoko shingoni? Pampu inalegea? Ukiona mawili kati ya hayo, tumia yako na uwaambie mapokezi. Vikiwa salama, bonyeza mara mbili umwage, kisha tumia. Mwenye jeraha wazi, au ambaye kinga yake ya mwili iko chini, abebe sabuni yake hata hoteli iwe ya nyota ngapi.

Na kung'oa chupa ya ukutani ni kuchukua mali ya hoteli. Hiyo haimo kwenye vya bure.

---

ToroliLaAsubuhi

Niongeze kwamba mabadiliko haya si ya hoteli kubana matumizi tu, sheria zinasukuma. California imepiga marufuku vichupa vidogo kwenye hoteli za vyumba zaidi ya 50 tangu 2023, na kwenye ndogo tangu 2024. Jimbo la New York limefuata, hoteli kubwa 2025 na ndogo 2026. Shanghai tangu Julai 2019 hoteli haziweki miswaki, vitana na vinyoleo chumbani bila mgeni kuomba. Korea Kusini tangu Machi 2024, hoteli za vyumba 50 na zaidi hazitoi vya kutumia mara moja bure. Umoja wa Ulaya umepanga marufuku ya vichupa hivyo kuanza 2030. Kwa hiyo tabia za wageni zitabadilika watake wasitake, na anayesafiri kwenda huko akitegemea kukuta mswaki aangalie mapema.

---

Mama_Kapu

Mnaonaje kuchukua vichupa kwa ajili ya kuwapa wenye shida? Vituo vingi vinavyowahifadhi vinahitaji vitu vya kujisafishia.

---

Kilo23

Nia ni njema mama, lakini hesabu haikai sawa. Kichupa ukikichukua chumbani, kingine kinanunuliwa kuziba pengo. Chupa moja ya mililita 500 ni sawa na vichupa 16 vya 30, kwa plastiki ndogo zaidi na bila kubebwa nusu ya dunia. Mwenye kutaka kusaidia anunue chupa kubwa aipeleke.

---

Mama_Kapu

Nakubali kwa vya kuchukua upya. Nazungumzia vilivyokwisha kulimbikizwa, ambavyo haviwezi kurudi hotelini.

---

ToroliLaAsubuhi

Hapo mama uko sahihi, vitolewe. Piga simu kituoni kwanza uulize wanachohitaji. Mahali ambapo watu wanakaa usiku mmoja mmoja, vichupa vidogo vinafaa kuliko chupa kubwa, kwa sababu mtu anaondoka nacho mfukoni. Peleka vilivyofungwa tu. Panga seti: sabuni moja, shampuu moja, mswaki, dawa ya meno, kitana, kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani. Vinyoleo viweke kando ya seti uvikabidhi kwa msimamizi, vituo vingine haviruhusu. Usipeleke sanduku lenye kondishena 60 na sabuni mbili, maana kazi ya kupanga unawaachia wao.

Sabuni zilizotumika nazo zina njia, lakini ni kupitia hoteli yenyewe. Clean the World, shirika lililoanzishwa Orlando mwaka 2009, hukusanya sabuni za vyumbani, huziua vijidudu na kuzikandamiza upya kabla ya kugawa. Uliza mapokezi kama hoteli imo kwenye mpango wa namna hiyo. Ikiwa imo, sabuni yako iliyobaki usiitupe kwenye pipa wala kuibeba, iache kwenye kisahani chake. Sisi ndio tunaoitenga.

---

SandukuZito

Nimewaelewa wote. La mwisho: mtu anayehama kutoka kuchukua kila kitu kwenda kubeba vyake, mfuko wa kuanzia uwe na nini?

---

Kilo23

Kwa safari ya usiku tano: sabuni ya kipande gramu 50 kwenye kopo lenye matundu chini, kwa sababu ikifungiwa na maji inakuwa uji siku ya pili. Shampuu mililita 60, kondishena 60, losheni 50, dawa ya meno 25, mswaki wenye kifuniko kinachopitisha hewa. Kifurushi cha kushonea kama cha Bi Sindano, ukiondoa uzi wao na kuweka mita mbili za uzi imara mweusi na mbili mweupe. Kofia mbili za kuogea kwa ajili ya viatu, zinatosha kwa safari kadhaa kabla ya kuchanika. Ukirudi nyumbani jaza vichupa siku hiyo hiyo na urudishe mfuko ndani ya begi. Ukiacha kujaza hadi asubuhi ya safari, utajikuta unategemea tena ya mezani.

---

Bi_Sindano

Na vichupa ukivitumia tena, vioshe kwa maji ya moto na sabuni, vikauke mdomo chini siku nzima kabla ya kujaza. Kikiwa na unyevu ndani ni sawa na kile alichokataza FundiSabuni cha kuongeza maji.